Gauni la Espe na Magurudumu ya Kaboni

Mdogo wangu Espe alikuwa anaolewa Jumamosi katika kanisa la Area 25, mjini Lilongwe, na gauni lake nililishona mimi kwa cherehani yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Ningeweza kulituma kwa basi pamoja na watu wa kwaya, lakini nilitaka kulifikisha mwenyewe Alhamisi, ili kiuno kikibana nipate nafasi ya kukilegeza. Tena nilikuwa na hamu ya kuendesha baiskeli yangu mpaka Lilongwe.

Baiskeli hiyo niliachiwa na mgeni aliyekuwa akifundisha vijana wa kambi mbio za baiskeli, siku alipohama nchi. Rimu zake si za chuma wala aluminiamu. Ni za kaboni, nyeusi tii, nyepesi hata unaweza kuinua gurudumu kwa kidole kimoja. Tangu nilipokuwa msichana Bukavu sikuwahi kupanda kitu chenye mbio namna ile. Kiangazi chote ilinitii vizuri. Mvua tu ndiyo ilikuwa bado haijaipata.

Alhamisi asubuhi nililikunja gauni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikalitia kwenye begi la mgongoni, nikaweka karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini mfukoni na kuondoka. Kufika barabara kuu jua lilikuwa linawaka. Nilizipita kabaza zote, zile baiskeli zinazobeba abiria, na waendeshaji wake wakanipigia kengele kwa utani. Mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua nilipo. Nikamjibu kwa Kichewa changu kibovu kwamba mume wangu yuko nyuma, bado anakuja.

Kabla ya mji mdogo wa Lumbadzi mvua ilishuka ghafla. Nilikuwa kwenye mteremko, na chini yake mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mahindi ulikuwa unaingia barabarani polepole. Nilikuwa mbali nao, kwa hiyo sikushtuka. Nikakamata breki. Hakuna kilichotokea. Raba za breki zilikuwa zinagusa rimu, nazisikia zikiteleza kama sabuni, na baiskeli ikazidi kwenda. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Bado. Ng'ombe mmoja akageuza kichwa kunitazama, nami nikageuza usukani kuelekea shambani.

Nilikuwa nimeshaingia kwenye majani ya pembeni ndipo breki zilipokamata, zote kwa mara moja. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikaendelea. Niliangukia magoti na viganja katikati ya mahindi ya mtu, begi likiwa bado mgongoni.

Aliyekuja kuniinua alikuwa mwendesha kabaza mmoja, jina lake Chikondi, mtu wa makamo aliyekuwa anarudi bila abiria. Aliniambia pepani, pole, akaikagua baiskeli, akapitisha kidole kwenye rimu yenye maji na kutikisa kichwa. Baiskeli yake mwenyewe haikuwa na breki hata moja. Yeye husimama kwa kukandamiza soli ya kandambili juu ya tairi. Nilicheka mpaka nikasahau magoti, nikamweleza habari ya gauni na arusi ya mdogo wangu.

Kwa kuwa mvua ilikuwa inaendelea na sote tulikuwa tumeshalowa, tulikubaliana kujaribu. Baada ya Lumbadzi tulipata njia ya vumbi iliyo tambarare, isiyo na magari. Tukaenda sambamba, na tulipofika kwenye nguzo ya ua kila mtu akafunga breki yake. Kandambili ilisimama kwanza. Mimi nilipita nguzo, nikapita na mti uliofuata. Tukarudia, mambo yakawa yaleyale: gurudumu linazunguka kwanza mara kadhaa huku raba zikifuta maji, kisha ndipo linakamata, tena kwa ukali.

Mara ya tatu nilifanya tofauti. Nilianza kuzigusa breki kidogo tu kabla ya nguzo, bila kukusudia kusimama, ili maji yaondoke kwenye rimu. Nilipobana kweli, baiskeli ikatii, nikasimama karibu na Chikondi. Akaniambia, "Sasa unaweza kufika kwa mdogo wako." Nikamwambia zikomo, asante, tukaagana Kanengo, pembeni mwa jiji.

Alasiri nilifika Area 25. Espe alikuwa mlangoni, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, matope kila mahali, na mkono wake ukaenda mdomoni. Alinivua begi, akafungua plastiki ya kwanza, akafungua ya pili. Gauni lilitoka jeupe na kavu.

"Robe iko bien," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, yaani gauni liko salama. "Yaya, ni we njo uko na matope." Yaani mimi, dada yake mkubwa, ndiye mwenye matope. Kisha akanikumbatia hivyo hivyo, nami nikamsukuma ili asilichafue gauni.

Kiuno kilibana kweli. Ijumaa nilikilegeza, na Jumamosi nilicheza arusini na magoti yaliyovimba mpaka mama mkwe wa Espe akaniletea kiti.

Jumatatu nilikwenda Old Town, sehemu ya zamani ya Lilongwe, kwenye duka la baiskeli la mzee mmoja wa Kihindi aliyekulia Tanga na anayesema Kiswahili kitamu kuliko changu. Alisema raba zangu ni za rimu za aluminiamu. Kaboni ina raba zake, na hata hizo kwenye mvua huchelewa kidogo. Yeye hakuwa nazo, na kuziagiza ni safari ndefu.

"Unataka mbio au unataka kusimama?" aliniuliza.

"Vyote."

Alifikiri, kisha akashauri tubadilishane: nimwachie gurudumu la mbele, anipe la aluminiamu, kwa sababu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha. La nyuma nibaki nalo. Nililishika lile gurudumu jeusi kwa muda kabla ya kumpa. Lilikuwa zuri, na sijui kama nitapata jingine.

Jumanne nilirudi Dzaleka kwa mvua ya manyunyu. Karibu na njia ya kambi mbuzi walivuka bila kutazama, mbuzi wa nyuma akasimama katikati kutafuna kitu. Nilikuwa nimeshazigusa breki tangu juu ya kilima. Nilisimama, nikashusha mguu, nikamsubiri amalize.

Wanaoendesha baiskeli hapa kambini wameniuliza nimejifunza nini. Nawaambia hivi: mvua ikinyesha, anza kushika breki kabla hujaona sababu ya kusimama. Na kabla ya kwenda kwenye miteremko, lowesha rimu zako, tafuta mahali tambarare, ujaribu hapo kwanza.