Hapo Pana Mwenyewe

Katika Mtaa wa Narung'ombe, kati ya duka la vitenge la Ubeid na ngazi za jengo ambalo lifti yake imekufa kitambo, kuna kibanda cha bati chenye upana wa mlango mmoja. Juu yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: KHALFANI – TUNAINGIZA NYIMBO. Ndani mna kompyuta kuukuu, spika mbili, kiti kimoja, na mwanamume wa miaka arobaini na tisa ambaye hakuna mtu Kariakoo nzima aliyewahi kubishana naye kuhusu hip hop akatoka na heshima yake.

Watu walijaribu, tena sana. Vijana wa bodaboda walikuwa wakipaki mbele ya kibanda makusudi ili wamchokoze. "Mzee Khalfani, hii ngoma mpya umeiskia? Kali balaa!" Naye angezungusha kiti taratibu, avue miwani, aanze. Kwamba hip hop ilikufa siku watu walipoacha kuandika kwenye daftari. Kwamba zamani msanii alikuwa akichana mistari ukaijua shida ya mtaa mzima, na wa siku hizi anamumunya maneno kama ana kiazi cha moto mdomoni, mwisho wa wimbo umeambulia jina lake tu, nalo kalitaja mara kumi na nne. Vijana wangecheka mpaka basi. "Mzee, dunia imehama, we umebaki na kanda zako!" Kisha wangewasha pikipiki waende zao, naye angevaa miwani yake na kurudi kwenye kompyuta.

Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi, na nyumbani kwake Magomeni, kwenye chumba kimoja cha kupanga, hapakuwa na mtu wa kubishana naye wala wa kumwambia chakula kimepoa. Mkewe Hamdiya alifariki mtoto wao ana miaka tisa. Mtoto mwenyewe, Shadya, alikuwa Kimara. Kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani hadi Kimara ni safari ya basi moja tu, hubadilishi popote, na kwa miaka miwili Khalfani hakuwahi kuipanda.

Kwenye kompyuta yake mlikuwa na folda mbili kubwa. Ya kwanza aliiita HIP HOP, na wimbo mpya kuliko zote humo ulitoka mwaka 2004. Ya pili aliiita MAKELELE. Riziki yake ilitoka kwenye makelele, kwa sababu wateja tisa kati ya kumi waliomletea kadi na flashi zao hawakutaka kingine. Wengi wao walikuwa madereva wa bajaji na wenye maduka, watu wasiopenda wimbo unaonyamaza katikati. Ukinyamaza, wanadhani spika imeungua, wanakuja juu. Basi Khalfani alijiwekea utaratibu: kila wimbo mpya aliupitia kwanza kwa macho, ule mchoro wa sauti unaopanda na kushuka kwenye kioo, na penye kipande kisicho na mtu anayeimba alikata, akaunganisha. Kazi yake ilikuwa safi, huwezi kujua kama wimbo umepita kwenye kisu. Alijivunia hilo.

Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu, alipokuwa kijana, aliwahi kupigania ukimya.

Mwaka 1996 walikuwa watatu, watoto wa nyumba za reli pale Gerezani: Khalfani, Pantaleo na Beno. Walijiita Kikosi cha Reli. Biti walizipata mwishoni mwa kanda za watu, pale ambapo muziki unabaki peke yake, na kila mmoja alikuwa na mistari yake minane, hazidishi wala hapunguzi. Baba yake Khalfani, Mzee Awadhi, fundi wa karakana ya reli aliyetoka Lindi na nidhamu zake zote, hakutaka hata kusikia. Kwake ule haukuwa muziki, ulikuwa kufoka. Kila alipomkuta mwanawe anafanya mazoezi uani alimuuliza swali lile lile: "Unamfokea nani?" Akaingia zake ndani. Mzee alikufa bila kuisikiliza hata mistari minane hadi mwisho, na hilo lilimuuma Khalfani kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Beno ndiye aliyetangulia. Homa ya siku nne tu, wiki moja kabla ya shindano kwenye ukumbi mmoja wa Magomeni. Pantaleo alishauri wagawane mistari ya marehemu, minne minne. Khalfani alikataa katakata. "Hapo pana mwenyewe," alisema, kama unavyosema kwenye kiti ambacho mtu kaweka kofia yake akatoka. Siku ya shindano, ilipofika zamu ya Beno, waliteremsha vipaza sauti, wakainamisha vichwa, biti ikatembea peke yake. Watu walipiga miluzi kwanza, wakidhani vijana wamesahau. Halafu mmoja akamnong'oneza mwenzake, naye mwenzake, mpaka ukumbi mzima ukatulia. Hawakushinda. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya Kikosi: asiyekuwepo nafasi yake haijazwi, biti inamngoja.

Shadya alikua na kanda ya Kikosi, waliyoirekodi kwa sheria hiyo. Baada ya mama yake kufa, kila Jumamosi Khalfani alikuwa akiiweka kwenye redio, mtoto amekaa miguuni pake anamenya karanga. Ilipofika mahali pale pa Beno, mtoto aliuliza, "Baba, mbona hapa hakuna mtu?" Naye akamjibu, "Hapo pana mwenyewe." Wakakaa kimya wote wawili mpaka zamu ya Pantaleo ilipoingia. Ukiniuliza, nitakwambia zile ndizo Jumamosi bora za maisha ya Khalfani, ingawa wakati ule hakujua.

Waligombana mwaka juzi. Shadya alikuja kibandani na wimbo wake wa kwanza kwenye simu, uso unameremeta, akamvalisha baba yake spika za masikioni kwa mikono yake mwenyewe. Khalfani alisikiliza kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Biti ya polepole, sauti imepitishwa kwenye mitambo mpaka inateleza, maneno yamelegea. Akavua.

"Ujumbe uko wapi?"

"Hujafika hata korasi, baba."

"Nimeuliza ujumbe uko wapi. Unamumunya nini humu ndani?"

"Baba, ujumbe si mpaka ufoke," alisema Shadya.

Neno hilo lilimchoma. Kufoka! Kutoka kwenye kinywa cha mwanawe, neno la Mzee Awadhi. Alimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, mbele ya Ubeid na wateja wake. Shadya alizikunja nyaya za spika zile taratibu, akaziweka mezani, akaondoka. Mwezi uliofuata akahamia Kimara kwa rafiki yake. Salamu za Idi zilikuja kwa ujumbe mfupi, naye Khalfani akajibu kwa ujumbe mfupi. Wimbo ule hakuumaliza, wala hakuuliza tena.

Sasa sikiliza lililotokea. Mwanzoni mwa mwaka huu, kwenye furushi la nyimbo mpya zinazotumwa kwenye kundi la simu la waingiza nyimbo, ulikuja mmoja usio na jina la msanii. Umeandikwa tu FINALI_MPYA_2. Khalfani aliupitia kwa macho, kama kawaida yake. Akaona katikati kuna shimo kubwa: biti inatembea, hakuna mtu. Alicheka mwenyewe, akamwita Ubeid aje aone.

"Ubeid bwana, njoo uone vituko! Hawa wa siku hizi hata maneno yamewaishia. Wameacha wimbo unatembea wenyewe!"

Ubeid alichungulia, akasema hayo mambo yeye hayajui, akarudi kwenye vitenge vyake. Khalfani akakata, akaunganisha, akautupa kwenye MAKELELE. Watu wakaupenda wimbo. Ndani ya wiki mbili kila bajaji inayotoka Msimbazi ilikuwa nao, na kila nakala ilikuwa imetoka kwenye kile kibanda, fupi kuliko wimbo ulivyozaliwa.

Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya Alhamisi, redio ya Ubeid inazungumza dukani. Mtangazaji alikuwa na mgeni, akampigia wimbo wake, mzima mzima, kisha akauliza, "Dada, hapa katikati mbona umetuacha? Mistari minane hakuna mtu! Huku mtaani tunaousikia hauna hiyo sehemu."

"Mtaani wameikata, sijui ni nani," alijibu mgeni. Ilikuwa sauti tupu sasa, haijapita kwenye mitambo yoyote, na Khalfani alisimama na memori kadi ya mtu mkononi. "Baba yangu alikuwa anachana zamani, Gerezani huko. Wao mtu akikosekana hawamzibi, biti inamngoja. Sasa mzee wangu na mimi hatuelewani kwenye muziki. Nikasema basi, badala ya kubishana naye, nimwachie nafasi. Pale pana mwenyewe. Siku akiusikia atajua."

"Na ameusikia?"

"Yule nyimbo zote za mjini zinapita mikononi mwake," Shadya alisema, akacheka kidogo. "Atakuwa ameusikia. Labda hajaupenda."

Mteja alikuwa anaita, fundi, fundi, kadi yangu. Khalfani alimrudishia bila kuingiza kitu, akafunga mlango wa kibanda akiwa ndani yake, kwenye joto lile la bati. Alifungua MAKELELE. Akausikiliza wimbo wa mwanawe kwa mara ya kwanza, kwa masikio. Ulikuwa unamhusu mtu aliyelea mtoto peke yake kwa kanda moja na karanga. Maneno yalikuwa yamelegea kweli. Lakini yalikuwepo, yote, na hakuna hata moja lililomumunywa kiasi kwamba baba asingelielewa kama angetaka. Akalia pale kama mtoto.

Alipiga simu mchana wake. Iliita hadi karibu kukatika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Alikuwa amejiandaa kuzungukazunguka, lakini alipoisikia ile shikamoo mbio zikamwishia. "Shadya, aliyekata wimbo wako ni mimi. Kwa mkono wangu. Wa mtaani wote wameupata kwangu."

Nyuma ya mwanawe ilisikika pasi ya mtu inapuliza mvuke, na watu wanacheka mbali.

"Ulijua ni mimi?"

"Wallahi sikujua."

Alidhani hilo ndilo jibu la kumwokoa. Shadya alivuta pumzi. "Hukuijua sauti yangu," alisema, na hakusema kama swali.

"Mitambo ile, mwanangu, imeibadili..."

"Haya, baba. Niko kazini kidogo."

Jioni yake Shadya alimtumia wimbo mzima kwenye simu, bila neno hata moja chini yake. Khalfani aliutazama muda mrefu akingoja labda neno litafuata. Halikufuata.

Wiki iliyokuja watu walidhani amepata wazimu. Alikuwa akizisimamisha bajaji katikati ya Msimbazi. "Lete kadi yako, kaka, nikubadilishie wimbo mmoja tu, bure." Alipita duka kwa duka, Aggrey yote, Mchikichini, na flashi shingoni. Wengine walimpa, wengine walimwambia uzee unamwanza vibaya. Dereva mmoja alirudi baada ya saa moja amenuna: "Mzee, ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi. Huu una shimo." Khalfani alimwomba auvumilie. Hakubishana. Hapo ndipo vijana wa bodaboda walipoanza kuogopa kwamba anaumwa.

Jumapili mchana, chumbani kwake, alijaribu kuingia kwenye nafasi ile aliyoachiwa. Alitoa daftari lake la zamani, akaweka biti, akangoja zamu yake, akachana mistari yake minane ya Gerezani. Ikatoka kwa nguvu zile zile za ujana, ikagonga ukuta, na biti ya Shadya ilikuwa ndogo na ya polepole, haikujua pa kuiweka. Mpangaji wa chumba cha pili akanyamazisha televisheni yake. Khalfani akasikia alivyokuwa anasikika. Unamfokea nani? Akajaribu kwa sauti ya chini, akakuta hana maneno ya sauti ya chini. Hakuwahi kuyaandika. Alikaa kitandani na kalamu mpaka adhana ya alasiri, kwenye ukurasa ameandika "Mwanangu" na kuikata, na kuiandika tena.

Siku hizi ukipita Narung'ombe utausikia wimbo ule kwenye spika zake mbili, mzima, mara tatu nne kwa siku. Ameuhamishia kwenye ile folda ya kwanza, ya HIP HOP. Zamu ile ikifika yeye huacha chochote anachofanya, anainamisha kichwa, na kalamu iko sikioni. Kariakoo haina adabu ya ukumbi wa Magomeni. Wapiga debe wanaendelea, mikokoteni inaendelea, na juzi mwanamama mmoja aliyekuwa anachagua vitenge kwa Ubeid aligeuka akamwonea huruma.

"Fundi, wimbo wako umekatika!"

"Haujakatika, mama," Khalfani alimjibu. "Hapo pana mwenyewe."

"Sasa mwenyewe mbona hatumsikii?"

"Yupo," alisema. "Bado hajajua la kusema."