Mgomba Juu ya Kaburi la Mama

Sikutaka kupanda ule mlima. Mdogo wangu alipoanza habari za kwenda, nilisingizia magoti, kisha mvua, kisha shamba la kijiji. Lakini alikuwa anaolewa Tindiga, na kwetu binti haondoki kabla hajafagia kaburi la mama yake na kumuaga. Baba alifia kwenye mashamba ya mkonge, akazikwa huko huko. Mama alikuwa mlimani, kwenye mji wetu wa zamani, ambako sasa ni hifadhi ya wanyama. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, Kisanga, nyumba zimepangwa mstari.

Mwenyekiti alituandikia barua, tukapewa ruhusa ya siku moja, pamoja na bwana nyama, askari wa hifadhi mwenye bunduki, atusindikize. Alikuwa mtu wa Tabora, mtani wetu.

"Wenye mlima mnatambaa!" alinicheka tulipofika kwenye mawe. "Ndiyo maana nyani wamewanyang'anya."

"Hao nyani ni shemeji zako," mdogo wangu akamjibu. "Wasalimie."

Walicheka wote wawili. Mimi sikuweza.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne. Siku ya arobaini mtoto mkubwa hupanda alama kaburini, na alama yetu ni minyaa, mti ambao hakuna mnyama anayeugusa. Nilivunja tawi, utomvu ukachuruzika, nikaogopa. Utomvu ule unapofusha, na mdogo wangu alikuwa mgongoni, mikono yake inashika kila kitu. Nikapanda mgomba. Nilijiona nina akili: utazaa, tutakula. Shule sikurudi tena. Nililima, nikapika, nikamlea, na kila alipouliza mama yuko wapi nilimwambia yuko penye mgomba.

Tulifika juu jua likiwa utosini. Nyasi zilinifika kifuani, na mavi ya tembo kila mahali. Nilitafuta mgomba, hata kisiki chake. Nilitafuta mafiga yetu. Nilihesabu hatua kutoka kwenye jiwe tulilokuwa tukianikia mtama, mara tatu, na kila mara niliishia pengine.

"Tembo haachi mgomba, mtani," bwana nyama alisema, na safari hii hakucheka. "Mngepanda minyaa."

Mdogo wangu alikuwa ameshika ufagio mpya. "Dada, nifagie wapi?"

Ningeweza kumwonyesha popote, angeamini. Mdomo ulikataa.

"Sijui," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akainama, akaanza kufagia pale pale aliposimama, akizisukuma nyasi zisizofagilika, hadi bwana nyama aliposema jua linatuacha.

Alitangulia kuteremka, ufagio ameuacha. Niliuokota, nikausimika pale alipofagia. Ukaanguka. Nikausimika tena, ukaanguka tena, nikauacha chini, nikamfuata. Mpaka tunaifikia barabara ya Mikumi hakuniita dada hata mara moja.