Sale Kichwani mwa Bibi

Mama yangu akienda makaburini huvaa kama anakwenda harusini. Krismasi iliyopita alitoka na kitenge kipya, hereni, na viatu ambavyo nilimwambia wazi kwamba kwa matope ya Machame atavijutia. Akanijibu kwamba anayekwenda kumwona mama yake ni yeye, siyo mimi.

Sura ya mama yake haijui. Bibi alifariki Mama akiwa bado ananyonya, akalelewa na mama yake mkubwa huko Sanya Juu. Alichoachiwa ni maelekezo tu: makaburi ya zamani ya kanisa, penye sale, kaburi ambalo sale liko kichwani. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na jani lake ndilo tunalopeleka tukiomba msamaha. Basi kila Desemba tunapalilia. Kaburi la juu ya letu, ng'ambo tu ya sale hilo upande wa mlima, lina maua mazuri, na Mama hakosi kusema, kwa wivu kidogo, kwamba huyo amezaa watoto wa kweli.

Safari hii alikuwa amechongesha msalaba wenye jina la Bibi. Pazuri pale, jamani: migomba huku, kahawa kule, maji ya mfereji yanasikika. Fundi alishachimba shimo na kukoroga saruji alipotokea bibi mmoja na jembe begani. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia, akautazama msalaba, akauliza kwa upole kwa nini tunampa mama mkwe wake jina la mtu mwingine.

Mama akamwonyesha sale: si hili hapa, kichwani? Yule bibi akatikisa kichwa. Wazee wa hapa, alieleza, walilazwa miguu ikielekea mlimani, ili siku ya ufufuo wakiinuka wakione kilele cha Kibo. Sale lilikuwa miguuni mwa kaburi tulilopalilia. Kichwani lilikuwa kwa yule wa juu. Nasi tulikuwa na uhakika kwamba kichwa hukaa upande wa mlima, maana nani huku hulala kichwa bondeni?

Mama akakaa kwenye majani, na kitenge chake kipya. Miaka yote amempalilia mama wa watu! Nikakaa naye palepale, roho ikiniuma.

"Haiwezekani," akasema. "Yule wa juu ana watoto wake. Tazama maua."

"Maua nimepanda mimi," yule bibi akasema. "Kila Krismasi nikifika nakuta mama mkwe wangu ameshafanyiwa usafi, sijui na nani. Nikaona nisirudi na jembe bure. Huyu nilidhani hana watu."

Wakatazamana, halafu wakaanza kucheka, wakashikana mikono na kucheka mpaka machozi. Mimi nililia waziwazi. Fundi akatukumbusha kwamba saruji inakauka.

Mama akakata jani la sale, akalifunga fundo, akapanda nalo hadi kwenye maua. Hapo akasimama tu, hajui aanze vipi kumwomba radhi mtu asiyemjua sura. Yule bibi akamshika mkono, akaliinamia kaburi kama mtu aliyezoea kuongea nalo.

"Mama," akasema, "binti yako amefika."