Mgeni Aliyetaka Kuona Maji Yakichemka Timboroa

Ruwayda Abdikadir alizaliwa Eldoret, akasomea Eldoret, akaolewa Eldoret, na mumewe akazikwa Eldoret. Hata hivyo, bado kuna watu wanaomuuliza kwao ni wapi. Huwajibu, "Ni hapa," kisha akanyamaza kungoja swali la pili, maana anajua litakuja tu.

Mumewe, Abdirizak, alikuwa na gari la kukodisha, van nyeupe ya kubeba wageni. Alipofariki kwa ugonjwa wa sukari, ukoo mzima ulijua kwamba gari litauzwa. Ruwayda akaenda shule ya udereva. Jaribio la kwanza alianguka, la pili akapita, na wiki iliyofuata akawapeleka wazee wa kanisa moja kwenye harusi Sugoi, wote wakishikilia viti kimya njia nzima. Siku hizi hakuna anayeshikilia kiti. Mjini wanamwita Mama Ismail, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wanariadha wa nje wanaokuja kufanya mazoezi kwenye baridi yetu humtafuta yeye, kwa kuwa hana pupa barabarani.

Kitu kimoja kilichokuwa kikimsumbua tangu Abdirizak aondoke ni kukosa mtu wa kumfafanulia mambo. Habari zikisomwa kwenye redio, mumewe ndiye aliyekuwa akisema, "Maana yake ni hii." Sasa habari zilikuja na kupita, na Ruwayda akabaki na nusu nusu.

Basi siku Dakta Lennox alipompigia simu, Ruwayda alianza kuchanganyikiwa kabla hata mazungumzo hayajaisha. Dakta Lennox alikuwa mmoja wa wakubwa katika hospitali moja pale mjini, na alikuwa amewahi kukodi van ya Ruwayda kwa mazishi ya mama yake.

"Mama Ismail, tumeweka zabuni," alisema kwa furaha. "Tunataka Eldoret iandae kongamano la dunia la sterilaizesheni. Wanakuja wakaguzi wawili kuangalia kama mji unafaa. Nataka uwabebe wewe."

Ruwayda alilijua neno zabuni. Zabuni ni mambo ya barabara na mahindi ya serikali, na watu wenye magari makubwa. Hilo neno jingine alikuwa amelisikia mara moja tu, kwenye kliniki ya akina mama, na maana aliyopewa huko hakuipenda. Jioni alimwambia dada yake, Nasra, anayeuza nguo karibu na msikiti.

"Abaayo, dada yangu!" Nasra aliweka chini kikombe. "Si hiyo ni ile ya kufunga wanawake wasizae? Na wewe umekubali kuwabeba?"

"Nimekubali kubeba watu wawili."

"Utaambia watu nini? Kwamba ulikuwa hujui?"

"Lakini kweli nilikuwa sijui."

Usingizi ulikuwa mgumu. Asubuhi akampigia Dakta Lennox, akamuuliza waziwazi. Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. "Hapana, Mama, hapana! Ni vyombo. Makasi, visu vya upasuaji, zile koleo za kuzalishia. Lazima viuliwe vijidudu kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine."

"Kumbe ni kuosha vyombo?"

"Kuosha ni mwanzo tu. Baada ya kuosha ndiyo kazi yenyewe."

"Sasa watu wanatoka nchi zote za dunia kuja kuongea juu ya vyombo ambavyo tayari vimeoshwa?"

"Ndiyo hivyo."

Ruwayda alisema sawa, lakini aliposhusha simu alikuwa na hisia kwamba kuna kitu anafichwa.

Wakaguzi walifika uwanja wa ndege mvua ikinyesha. Mmoja alikuwa mama mrefu wa Denmaki, jina lake Birgit, aliyeshika mwavuli wake mwenyewe na kuuliza maswali hata kabla ya kukaa. Mwingine alikuwa mwanamume mfupi, mweusi wa jua, mwenye kofia ya sufu, Bwana Quispe wa Bolivia. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole na cha kuvunjikavunjika, sawasawa na cha Ruwayda, kwa hivyo wakaelewana kuliko wengine wote waliokuwa ndani ya gari.

Siku ile ya kwanza Dakta Lennox hakuwaachia nafasi ya kupumua. Waliona hoteli, wakaona nyingine, wakapelekwa Chepkoilel kuangalia ukumbi wa chuo kikuu, kisha hospitalini, ambako Sista Janice, muuguzi msimamizi wa kitengo cha kuua vijidudu kwenye vyombo, aliwaonyesha mashine mpya ya mvuke iliyong'aa kama gari la bwana harusi. Ruwayda aliingia pia, kwa kuwa Birgit alikuwa amemwachia mkoba. Alichokiona ni mlango mzito wa duara, saa za kupima, na watu waliovaa kofia za karatasi. Birgit aliuliza habari ya vyumba vya kulala na ndege za moja kwa moja. Bwana Quispe alisimama mbele ya mashine akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kwa kukubali.

Siku ya pili, Birgit na kamati ya Dakta Lennox walijifungia na wenye hoteli kuongea mambo ya vyumba. Ruwayda alikuwa ndani ya gari akinywa chai ya thamosi Bwana Quispe alipogonga kioo.

"Mama, barabara ya juu zaidi iko wapi?"

"Juu wapi?"

Akainua mkono kuelekea mawinguni. "Juu. Mahali pa juu sana, watu wanaishi."

Ruwayda akafikiri. Wageni wake wengi hutaka kwenda juu kutazama wanariadha. "Timboroa," alisema. "Lakini kule ni baridi."

Yule mtu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. "Baridi ni nzuri. Twende."

Ruwayda alijaribu kumpigia Dakta Lennox, lakini simu haikushikwa. Akajiambia mgeni ni mgeni, na kazi aliyopewa ni kuwabeba wanakotaka. Wakapita Burnt Forest, ukungu ukashuka mpaka akawasha taa, misonobari ikasimama pande zote mbili za barabara. Njiani alimwonyesha malisho ya kondoo na kibao cha mahali ambapo mwanariadha fulani amejenga shule. Mgeni aliitikia kwa adabu, lakini hakuonekana kutafuta mwanariadha yeyote.

Walisimama kwa Waiyego, mama aliyekuwa na hoteli ya mabati ya chai na viazi, ambaye Ruwayda alimjua kwa miaka. Bwana Quispe akaingia, akasalimu, akaomba sufuria ya maji.

"Ya chai?" Waiyego aliuliza.

"Maji tu. Yachemke."

Waiyego alimtazama Ruwayda. Ruwayda akainua mabega. Sufuria ikawekwa jikoni, kuni zikasukumwa, na mgeni akatoa mfukoni kifuko chenye kipimajoto kirefu, akakaa kwenye benchi kutazama maji kama mtu anayetazama runinga. Wateja wawili waliokuwa wakila viazi waliacha kula.

Maji yakaanza kutokota. Akatumbukiza kipimajoto, akangoja, akangoja tena, kisha akawaita wote waje kuona.

"Tisini na kidogo tu," alisema. "Yanachemka, lakini hayajafika mia. Hayatafika hata mkiyachemsha mpaka kesho. Kama kwetu La Paz!"

Waiyego alivuta kanga yake. "Mama Ismail, huyu mtu anasema maji yangu hayachemki vizuri? Mwambie maji yangu ni ya mto, ni safi, na hakuna mtu ameugua hapa."

Ruwayda alijaribu kutafsiri, akashindwa afuate maneno ya nani. Mgeni akatikisa mikono, akasema maji ni mazuri, si kosa la maji, ni mahali. Hilo likazidi kumuudhi Waiyego, ambaye alizaliwa mahali hapo.

Kisha yule mtu akauliza kama kuna zahanati karibu, na kama zamani vyombo vya kuzalishia vilikuwa vikichemshwa kwa sufuria. Waiyego akasema ndiyo, zamani sana, mama yake alikuwa akichota maji ya kuchemshia. Baadhi ya akina mama walipata homa baada ya kujifungua, watu wakasema ni baridi. Ruwayda alitafsiri yote kabla ya kujiuliza kama ni haki kuyatafsiri. Bwana Quispe hakutabasamu tena. Alipiga picha ya sufuria, akanywa chai, akamshukuru Waiyego kwa mikono miwili.

Waliporudi mjini, Dakta Lennox alikuwa amesimama nje ya hoteli bila koti.

"Mlikuwa wapi? Tumemtafuta kila mahali!"

"Timboroa."

"Timboroa kufanya nini?"

Ruwayda alijua jibu lake litakavyosikika, lakini hakuwa na jingine. "Kuchemsha maji, Daktari."

Dakta Lennox alishika kichwa. "Mama Ismail. Nimetumia mwaka mzima ili hawa watu waone mashine mpya. Wewe umeenda kuwaonyesha sufuria?"

"Ni yeye aliyetaka."

"Na ulimwambia nini?"

"Sijui. Nilikuwa natafsiri tu."

Wageni walipoondoka, Bwana Quispe alimpa Ruwayda kofia yake ya sufu. Birgit alimpa mkono. Ruwayda hakuweza kusoma chochote kwenye nyuso zao.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Alihisi ameuharibia mji mzima kitu ambacho hata hakukielewa. Alimwendea Sista Janice, akamwomba amweleze taratibu. Janice alimweleza kwamba mlimani hewa haikandamizi maji kwa nguvu, ndiyo maana yanachemka mapema, yakiwa bado hayajapata joto la kutosha, na kuna vijidudu visivyokufa kwa joto hilo. Mashine hufunga mvuke ndani mpaka upate joto la kuviua.

"Kwa hivyo maji yakichemka si lazima yawe moto sana?"

"Ni moto, lakini si moto wa kutosha."

Ruwayda aliitikia. Nyumbani alitazama chai ikifurika kwenye jiko, akashindwa kujua aamini macho au Janice.

Siku ya matokeo, kamati ilikusanyika kwenye ukumbi wa hospitali kutazama mkutano wa nje kwenye skrini kubwa, na Janice akamwita naye. Mzungu mmoja alisoma maneno mengi. Ghafla ukumbi wote uliguna kwa pamoja, Dakta Lennox akainamisha kichwa mpaka mezani.

"Nini?" Ruwayda aliuliza.

"Tumekosa. Wamechagua mji mwingine, wa Ureno."

Ruwayda alikuwa anatafuta viatu vyake kwa miguu ili atoke nje polepole Bwana Quispe alipotokea kwenye skrini, amevaa suti. Aliongea Kihispania, sauti nyingine ikaongea Kiingereza juu yake, na Janice akawa anamnong'oneza Kiswahili akichelewa nyuma ya zote mbili. Ruwayda alishika vipande tu: mlima, sufuria, akina mama. Nyuma ya mgeni ikaonekana picha ya jikoni kwa Waiyego, kubwa kama ukuta. Kisha watu ukumbini wakaruka. Wengine walipiga vigelegele. Mhasibu wa hospitali alimkumbatia mlinzi.

"Janice, si umesema tumekosa?"

"Tumekosa!"

"Sasa mbona wanacheza?"

"Kwa sababu tumepata!" Janice alicheka, machozi yakimtoka. "Kuna mkutano mwingine, mdogo, wa hospitali za milimani. Bolivia, Ethiopia, Nepali. Haujawahi kuwako. Wanataka uanzie hapa, mwakani."

Ruwayda aliketi tena. Dakta Lennox alikuja akasimama mbele yake, tai imelegea, uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama Ismail," alisema, "kuna wenzangu wanasema tumekosa ule mkubwa kwa sababu ya safari yako ya Timboroa. Na kuna wanaosema huu tumeupata kwa sababu hiyo hiyo. Ripoti yenyewe inasema hatuna vyumba vya kutosha."

"Na wewe unasema nini, Daktari?"

Akafikiri. "Mimi hata sielewi." Kisha akampa mkono, akaushika kwa muda. "Lakini gari nataka lako."

Jioni Nasra alimngoja dukani na wanawake wengine wawili, wote wakitaka habari.

"Mmeshinda au mmeshindwa?"

"Tumeshindwa," Ruwayda alisema. "Wanakuja mwakani."

Wale wanawake wakatazamana. Nasra akamsogezea kiti, akammiminia chai, akamwambia aanze tena tangu mwanzo, polepole. Ruwayda akaanza. Alipofika kwenye sufuria, wote watatu walikuwa wakiuliza kwa pamoja, na yeye akagundua kwamba hana haraka ya kuwajibu.