Sato wa Kuwaonesha Wageni

Ndalahwa hakuwa mjinga, na mtu asije kuniambia alikuwa mjinga. Alitega migono, yale matenga marefu ya fito yanayonasa samaki, kwenye matete ya ghuba yetu huku chini ya Mkuyuni, tangu kiwanda cha minofu ya samaki hakijajengwa. Kiwanda kilipoanza kumwaga maji machafu humo, matete yakaoza na migono ikawa inatoka mitupu. Alilalamika kila kikao cha mtaa mpaka watu wakamchoka. Alitaka kitu kimoja tu: kiwanda kichimbe mabwawa ya kusafishia maji yake, ghuba ipone.

Ndipo wanunuzi wa ng'ambo wakakitaka kiwanda kipime na kieleze kinawafanyia nini viumbe wa ziwa. Favour, binti wa kiwandani anayeshughulika na majirani, akaja kwa Ndalahwa na shikamoo yake ya adabu. Akamwambia wataalamu kutoka Dar watakuja kutazama samaki wa ghuba, na wangependa kutumia migono yake. Hakusema kwamba samaki watakaohesabiwa ndio watakaoamua kama ghuba inaumwa. Labda hakuona haja. Mimi sijamsamehe.

Kwa mzee yule, mgeni aliyetuma habari ni mgeni wa kuandaliwa. Watu watoke Dar, wainue mgono wake mbele ya majirani, watoe matope? Aibu hiyo asingeiweza. Akakodi pikipiki mpaka mwalo mmoja wa upande wa Magu, wavuvi wanaposhushia samaki, akarudi na samaki walio hai, sato na ningu, ndoo ameipakata, suruali imelowa chapachapa. Sabina, mkewe, alimuuliza kama ana akili timamu. Akamjibu kwamba yeye hajazoea kuonesha wageni njaa yake. Asubuhi, kabla hawajafika, akawaingiza samaki migononi.

Wataalamu walifurahi kweli. Walimpima kila samaki kwa rula, wakaandika, wakampiga picha mzee akiinua mgono, kifua mbele. Kisha Sabina akawapikia sato wale wale, wakala ugali na kusifu mchuzi.

Miezi ikapita, Favour akatusomea ripoti kikaoni. Ghuba ina afya, samaki ni tele, kwa hiyo mabwawa hayana haraka. Ndalahwa alisimama.

"Wale samaki niliwanunua, mwanangu. Niliwaweka kwa ajili ya wageni."

"Mzee wangu, uliwatoa mgononi kwa mkono wako. Picha zipo."

Watu wakacheka. Walicheka majirani zake wenyewe, ambao maji yale yanawawasha ngozi kama yanavyomuwasha yeye, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Mwaka uliofuata wataalamu walirudi. Safari hii hakuongeza kitu. Migono ilitoka na utelezi na mifuko ya nailoni, naye akawaonesha mmoja baada ya mwingine, karibu ashangilie, maana aliamini sasa wameona. Wakapima, wakaandika, wakaondoka.

Ripoti ya pili ilikuwa na hesabu nyepesi. Mwaka jana kiwanda kilikuwa kinafanya kazi na samaki walikuwepo. Mwaka huu kiwanda ni kile kile na samaki hawapo. Basi aliyewamaliza ni mtega migono kwenye mazalia ya samaki. Kiwanda kikaomba migono ipigwe marufuku ghubani, ikapigwa, na katika ripoti hiyo hiyo kikajisifu kwamba kimelinda viumbe wa ziwa. Maji machafu yanaendelea kumwagwa.

Siku ya kuja kuikusanya migono, Favour alifuatana na vijana wa kiwanda. Walisimama uani juani. Akamwamkia mzee kwa adabu ile ile, na mzee akaitikia marahaba bila kunyanyua macho. Sabina, kwa mazoea yake, akauliza kama atoe viti.

"Waache wasimame," alisema Ndalahwa.