Mwanga Uliouokoa Mguu wa Anastasie

Saa tatu asubuhi, Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nje ya zahanati jenereta inakohoa, inasita, kisha inanguruma. Ndani ya chumba chenye mapazia mazito, Tabisa anavaa miwani myeusi, anamvalisha na mgonjwa wake. Anamfunika shuka mwili mzima, anaacha kidonda tu. Halafu anawasha taa.

Mwanga wa zambarau unamwagika. Hewa inanukia kama radi imepiga jirani.

"Mpaka leo nashangaa," anasema Tabisa. "Haina moto, haina dawa, lakini usaha inaikimbia."

Tabisa ni binti wa wakulima wa Rukoki. Aliajiriwa hapa kufagia, kisha muuguzi mkuu akamfundisha kazi ya taa hii ya kutibu vidonda kwa mionzi kama ya jua. Siku za mwanzo aliinua miwani kidogo, achungulie. Jioni macho yakawa kama yamejaa mchanga.

"Nililia mpaka asubuhi. Nikajua hii si taa ya kuchezea."

Mwaka jana, 1967, aliletewa Anastasie, muuza vitenge aliyekimbia vita kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka. Mkwaruzo mdogo kwenye muundi wa mguu ulikuwa umegeuka kidonda kipana, chenye uvundo. Sindano zilishusha homa, kidonda kikabaki palepale. Daktari wa zahanati hakumficha: usaha ukifika kwenye mfupa, mguu utakatwa. Kabla ya hapo, wajaribu taa.

"Kanisani batu balikuwa banahama benchi," anasimulia Anastasie. "Miye nilisema, kama iko ya kuniunguza, iniunguze. Mutu wa biashara bila mguu atatembea namna gani?"

Tabisa alianza na mwanga wa muda mfupi, akauongeza polepole, maana ukizidi unababua ngozi. Wiki zikapita. Uvundo ndio uliotangulia kuondoka. Anastasie alikuwa wa kwanza kuligundua hilo. Akanusa bendeji yake mwenyewe, akanusa tena, akaangua kicheko.

Kisha asubuhi moja Tabisa alifungua bendeji. Usaha haukuwepo. Pembeni mwa kidonda nyama mpya ilikuwa imeota, laini, ya rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Akamwita daktari. Daktari akainama, akakikagua kidonda pande zote.

"Endelea, mama," akasema. Basi.

Leo Anastasie anavuka mpaka kwa miguu yake miwili, mzigo kichwani. "Mungu alitupa jua," anasema. "Batu bakakata kipande, bakaweka mu chupa. Na mama Tabisa ndiye anaifungua."

Tabisa anacheka, anazima taa, lakini mawazo yake yako Kabatoro, kwa wachimba chumvi wa ziwani. Daktari ameahidi kuomba taa ya pili, na Tabisa amekwisha kumwambia mumewe kwamba ikija, watahamia huko.

"Wale wanashinda ndani ya maji ya chumvi na vidonda wazi," anasema. "Wakiacha kazi waje hapa, watoto watakula nini? Acha mwanga iwafuate huko."