Siku Niliyomkwepa Baba Mkwe

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga. Nilipohamishiwa Tukuyu, nyumbani kwa akina mume wangu, nilikuwa na hamu mbili: kukaa tena kando ya maji, na kuonana na baba mkwe. Mzee hakuja kwenye harusi yetu. Hakumtaka mwanamke wa pwani. Miaka minne mama yangu aliniuliza kama nimeshakubaliwa, nami nikamdanganya.

Basi nikaandaa matembezi ya familia kwenye ziwa la volkano, ndani ya msitu wa hifadhi. Pale hakuna hoteli, hakuna benchi, hata kibao cha kukuelekeza njia hakuna. Niliamka alfajiri nikapika pilau ya kumnyamazisha mbishi yeyote.

Tulitangulia sisi: mimi, mume wangu na dada yake. Mzee alikuwa anakuja kutoka Lufingo na kaka mkubwa wa mume wangu, pamoja na mke wa kaka huyo. Wifi yangu akanivuta kando.

"Wifi, kwetu huku mke haonani na baba mkwe. Akija upande huu, wewe pita ule. Ukimtokea, umemtukana."

Mila hiyo nilishaisikia shuleni; wenzangu walisema bibi zao walikuwa wakiingia porini wakimwona mkwe. Nikamtazama mume wangu. Akaitikia kwa kichwa.

Nikakaa nyuma ya magugu tangu saa nne mpaka saa tisa. Mvua ya Tukuyu haina adabu: ilinyesha, ikakata, ikarudi. Ziwa lenyewe sikuliona. Wifi aliniletea sahani, akaninong'oneza kwamba mzee ameongeza mara mbili. Mjinga mimi, nikafurahi.

Wakati wa kuondoka nikachungulia. Mke wa kaka mkubwa, mkwe kama mimi, alikuwa amemshika mzee mkono, wanapanda mlima wakipiga soga.

Nikatoka nimelowa chapachapa, nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Mpishi," wifi akawahi, huku akijiuma midomo asicheke. Mke wa kaka mkubwa akaangalia pembeni.

Mzee akanipa mkono. "Ndaga fijo, mama. Asante sana. Wewe umelowa hivi kwa ajili yetu, na mke wa mwanangu, niliyemfuata mpaka huku na miguu hii mibovu ili nimwombe radhi, amekataa kuja."

 Nikamtazama mume wangu, aseme yeye. Akainama kufunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa malapa.